Tamko la Madereva wa Mafia: Kukwepa Ajali Si Kujitakia Hasara

Sisi wanachama wa chama cha madereva na wamiliki wa magari wilayani Mafia, baada ya kukutana Kilindoni na kulijadili kwa kina jambo linalozidi kutugombanisha barabarani, vituoni na hata majumbani, tunatoa tamko hili kwa wananchi wa kisiwa chote, kwa Kikosi cha Usalama Barabarani, kwa kampuni za bima na kwa mamlaka inayozisimamia. Jambo lenyewe ni hili: dereva akiharibu gari lake kwa sababu amekwepa chombo cha mwenzake, hasara ni ya nani?

Jibu lililozoeleka kwetu ni jepesi mno. Watu wanakuta gari limeegemea mnazi, bampa limepasuka, maji ya rejeta yanachuruzika mchangani. Chombo kilichosababisha yote kimesimama mbele kidogo, kizima, bila mkwaruzo. Mmoja katika waliokusanyika anasema, "Huyu hajaguswa na mtu, kajigonga mwenyewe," na kauli hiyo inageuka kuwa hukumu. Inaandikwa hivyo, inasemwa hivyo kwa tajiri mwenye gari, na bima wakipelekewa karatasi wanaisoma hivyo hivyo. Tunasema hukumu hiyo si ya haki, wala haina mizizi katika sheria za nchi hii.

Tuchukue mfano ambao dereva yeyote wa barabara ya Utende ataufahamu. Barabara ya lami kutoka Kilindoni hadi Utende ni ya kilometa kama 14. Ni nyembamba, na njia nyingi za mashambani zinaingia humo zikitokea katikati ya minazi na vichaka, kiasi kwamba anayetoka huko haonekani mpaka awe ameshafika lami. Noah imebeba wageni kutoka uwanja wa ndege, iko kwenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Bodaboda iliyofunga madumu nyuma inatokeza kutoka njia ya kushoto bila kusimama. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo inayopita kabla mguu haujahama kwenye mafuta na kukanyaga breki. Kusimama kabisa kunahitaji karibu mita 30 kwenye lami kavu. Bodaboda iko mita 20 mbele. Kulia kunakuja Canter. Dereva anakata usukani kushoto, nyuma ya bodaboda, anatoka lami, gurudumu la mbele linazama kwenye mchanga na gari linamalizikia kwenye kisiki. Kijana wa bodaboda yuko hai. Abiria wako hai. Gari limevunjika taa, fenda na rejeta, na mkono wa usukani umepinda.

Kama dereva yule angeshikilia usukani wake na kumgonga kijana ubavuni, hakuna ambaye angesita kusema kwamba bodaboda iliingia barabara kuu bila kusubiri. Kwa kuwa alimwokoa, anaambiwa amejitakia. Utaratibu wa aina hiyo unamwadhibu mtu kwa sababu ya wema wake, na tunaogopa siku ambayo dereva atakumbuka hesabu ya fundi kabla ya kukumbuka roho ya mtu.

Hasara hiyo ina uzito wa pekee kisiwani. Spea nyingi hazipatikani Kilindoni. Zinanunuliwa Dar es Salaam, zinasafirishwa kwa gari mpaka Nyamisati, kisha zinasubiri boti. Bahari ikichafuka, zinasubiri zaidi. Muda wote huo gari liko kwa fundi juu ya mawe, na dereva anayeishi kwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hana cha kupeleka wala cha kuacha nyumbani. Wapo walioachishwa kazi kwa ajali ambazo kosa lilianza kwa mtu mwingine.

Sasa tuseme juu ya sheria, kwa kuwa wengi wetu tumekuwa tukibishana kwa mazoea tu.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto awe na bima dhidi ya madhara yanayompata mtu wa tatu kutokana na matumizi ya chombo hicho barabarani. Inazungumzia matumizi. Haisemi kwamba lazima chombo kimguse mtu, wala kwamba rangi ya gari moja ionekane kwenye gari jingine. Aliyeingia barabarani vibaya ametumia chombo chake barabarani, na madhara yanayotokana na uingiaji wake ni madhara ya matumizi hayo. Majirani zetu wa Kenya wameliweka wazi zaidi: Sheria yao ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame pale ajali inapotokea kwa sababu ya kuwepo kwa gari lake barabarani. Kuwepo tu kunatosha.

Upande wa madai ya fidia, mahakama zetu zinafuata kanuni za uzembe zilizotokana na sheria za kawaida za Uingereza, ambazo Sura ya 358 ya sheria zetu inaruhusu zitumike kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu. Katika kanuni hizo suala la mtu anayejidhuru akikimbia hatari iliyosababishwa na mwenzake lina umri wa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1816 abiria mmoja wa gari la farasi huko Uingereza aliona hatamu imekatika na gari linayumba. Akaruka, akavunjika mguu. Gari lenyewe halikupinduka. Mwenye gari alijitetea kwamba abiria angebaki ameketi asingeumia. Jaji Ellenborough aliwaeleza wazee wa baraza kwamba cha kuuliza ni kama mwenye gari ndiye aliyemweka yule abiria mahali ambapo kuruka kulikuwa jambo la busara kwa wakati ule. Abiria alilipwa.

Kwa watu wa bahari kama sisi, ipo kesi iliyo karibu zaidi na moyo. Septemba 1878, katika Mto Thames karibu na London, meli ya abiria Princess Alice iligongana na meli ya mizigo Bywell Castle, na zaidi ya watu 600 wakafa. Shauri lilipofika Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata, ilionekana kwamba katika nukta ya mwisho Bywell Castle ilielekezwa upande usio sahihi. Majaji hawakuihesabia meli hiyo kosa hilo. Walisema nahodha aliyeingizwa ghafla katika hatari na uendeshaji mbaya wa mwenzake hawezi kudaiwa utulivu ambao hakuna binadamu angekuwa nao. Kila nahodha anayevuka kati ya Nyamisati na Kilindoni anajua maana ya maneno hayo, na dereva naye anastahili kupimwa kwa kipimo hicho.

Kwa hiyo tunatamka kwamba ajali ya kukwepa ipimwe kwa maswali, na swali la kwanza lisiwe nani kagusa nani. Lianze hivi: ni nani aliyeanzisha hatari? Ni chombo gani kilikuwa mahali ambapo hakikupaswa kuwa, au kimefika hapo kwa namna isiyopaswa? Aliyechomekea, aliyepita gari jingine penye kona, aliyegeuza bila indiketa, aliyetoka njia ndogo bila kusimama, aliyeegesha lori gizani bila alama yoyote: hao wote wanaweza kuwa na kosa hata kama vyombo vyao havikupata hata vumbi la ajali. Baada ya hapo ndipo tumgeukie aliyekwepa. Je, hatari ilikuwa ya kweli, au aliogopa kivuli? Je, alichofanya ni kile ambacho dereva makini angeweza kukifanya kwa muda aliokuwa nao? Na kabla hatari haijatokea, alikuwa akiendeshaje?

Swali hilo la mwisho linatuuma sisi wenyewe, na hatutalikimbia. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri lililohusu shirika la reli, ilikumbusha kwamba dereva anatakiwa wakati wote atarajie kwamba watu, wanyama au vitu vinaweza kuwa mbele yake, na asiende kasi kuliko ile itakayomwezesha kusimama au kugeuka baada ya kuviona. Barabara ya Mafia ni barabara ya ng'ombe, ya watoto wa shule, ya wanawake waliobeba kuni na ya baiskeli zilizosheheni nazi. Dereva anayepita penye makazi kwa mwendo wa 80, wakati sheria inasema 50, kisha akashindwa kumwepa bodaboda na kuingia mtaroni, hawezi kusimama mbele yetu akasema kosa lote ni la bodaboda. Sehemu ya hasara ni yake. Sheria nayo inajua kugawa: Sura ya 310 inaruhusu fidia ipunguzwe kwa kadiri ya mchango wa anayedai katika madhara yaliyompata. Anaweza kupata robo tatu, nusu au robo. Mgawanyo wa namna hiyo ndio tunaoutaka uzoeleke hata pale tunapomalizana wenyewe, badala ya mmoja kubeba zigo lote na mwingine kuondoka akipiga honi.

Tunasema pia bila kumung'unya maneno kwamba wapo wachache wanaosinzia kwenye usukani, au wanaoshika simu, wakaishia porini, kisha wakazua bodaboda ambayo hakuna aliyeiona. Chama hiki hakitamtetea mtu wa aina hiyo. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Ndivyo Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inavyoelekeza. Katika ajali isiyo na mguso mzigo huo ni mzito kuliko kawaida, maana magari yaliyogongana yanabaki na alama zinazosema zenyewe, lakini chombo kilichokwepwa hakibaki na kitu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza haki kwa haraka zetu. Kwenye lami michirizi ya breki inaweza kuonekana kwa siku kadhaa. Kwenye barabara ya kaskazini ya kwenda Kirongwe na Bweni, penye mchanga na changarawe, alama ya matairi inafutwa na gari la pili linalopita, na wakati wa masika inafutwa na mvua moja. Dereva anayeliondoa gari kabla ya kupiga picha ameondoa na ushahidi wake. Tunawaagiza wanachama: ikiwa hakuna majeruhi wa kukimbizwa hospitali, na gari halihatarishi wengine, piga picha kwanza. Simama nyuma, mahali ulipoiona hatari, upige ukitazama mbele. Kisha simama pale chombo cha mwenzako kilipotokea, upige ukitazama ulikotoka, ili ionekane kama vichaka viliziba. Piga alama za matairi kuanzia zinapoanza mpaka zinapoishia, ukiweka kiatu au kofia pembeni ili ukubwa upimike. Pima kwa hatua upana wa barabara, uandike. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, picha na ujumbe wa simu vinaweza kupokelewa mahakamani, ilimradi uaminifu wake uonyeshwe. Kwa hiyo usizifute picha za awali wala usizichezee kwa programu za kuremba.

Chukua majina ya walioona, na hasa wale ambao si abiria wako wala ndugu zako. Mkwezi aliyekuwa juu ya mnazi ameona barabara vizuri kuliko dereva yeyote.

Ushahidi usipopatikana, matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikutana na shauri la mgongano ambamo kila upande ulikuwa na hadithi yake na hapakuwa na njia ya kujua nani mkweli. Ikagawa lawama nusu kwa nusu. Hiyo ilikuwa ajali ya magari yaliyogongana kweli. Aliyekwepa na kubaki na maneno matupu anaweza asiipate hata hiyo nusu, kwa sababu kwanza atatakiwa athibitishe kwamba kulikuwa na chombo cha kukwepwa.

Kwa madereva wa bodaboda na bajaji, vijana wetu: tamko hili halikuandikwa dhidi yenu. Nanyi mnakwepa magari yetu kila siku, na mkiingia porini mnaumia zaidi yetu, kwa kuwa hamna bati la kuwakinga. Gari la hoteli likipita katikati ya barabara na kukutupa mchangani, kanuni tunayoidai ndiyo itakayokulinda wewe. Tunachowaomba ni msimame. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, ajitambulishe na atoe taarifa polisi. Usijidanganye kwamba kwa kuwa hukuguswa hukuhusika. Ukiondoka, hata kama hukuwa na kosa, umewaachia wengine wasimulie habari yako.

Kumalizana ni desturi yetu, na hatuna nia ya kuivunja. Watu wanaosali msikiti mmoja na kuzikana hawawezi kupelekana mahakamani kwa kila fenda. Lakini kumalizana kusiwe kumnyamazisha mwenye haki. Mara nyingi mzee anayesuluhisha anatazama nani ana uwezo: gari ni la tajiri, bodaboda ni ya kijana maskini, basi mwenye gari asamehe. Huruma hiyo tunaiheshimu. Tunaomba tu itanguliwe na ukweli. Kijana aambiwe kwanza kwamba kosa ni lake, aelewe lilianzia wapi, kisha ndipo asamehewe yote au sehemu. Na makubaliano yaandikwe, yasainiwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu ahadi ya mdomo kuhusu pesa ya fundi husahaulika upesi. Majadiliano yakivutana, mkumbuke kwamba madai ya madhara ya aina hii yanatakiwa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Lakini penye majeruhi, hakuna kumalizana njiani: majeruhi apelekwe Hospitali ya Wilaya, PF3 ichukuliwe, na polisi waarifiwe.

Kuhusu bima tunasema hivi. Mwenye bima ya mtu wa tatu pekee afahamu kwamba bima yake inawalipa wengine. Gari lake mwenyewe halimo. Akikwepa na kuharibikiwa, tumaini lake ni bima ya yule aliyesababisha, na ndiyo maana kuchukua namba ya usajili na kuhakiki stika ya mwenzako ni jambo la lazima hata kama hamkugusana. Mwenye bima kubwa anaweza kulipwa na kampuni yake bila kusubiri mwingine akiri, lakini aseme kilichotokea kama kilivyotokea. Tumesikia ushauri unaotolewa vijiweni kwamba ni rahisi zaidi kudanganya kuwa mligusana. Usifanye hivyo. Uongo huo unaipa kampuni sababu ya kukataa dai zima, tena sababu halali.

Kampuni za bima nazo tunaziomba ziache kukataa madai kwa hoja moja tu kwamba hakuna alama ya mguso. Mkaguzi atakayetumwa Mafia aje afike eneo la tukio, aone njia ilipotokezea, asiishie kuangalia picha ya bampa akiwa Dar es Salaam. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania tunaiomba itoe mwongozo wa wazi juu ya madai ya aina hii, uandikwe kwa Kiswahili ambacho mteja ataelewa. Mwanachama ambaye hakuridhika na uamuzi wa kampuni yake asikate tamaa. Ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na chama kitamsaidia kuandika malalamiko yake.

Kwa Kikosi cha Usalama Barabarani, ombi letu ni dogo na litabadili mengi. Mchoro wa ajali usiishie pale gari liliposimama. Uonyeshe na njia ya chombo kilichokwepwa: kilitokea wapi, kilifika wapi, na gari lilikuwa umbali gani kilipoonekana. Maelezo ya madereva wote wawili yachukuliwe, hata kama gari lililoharibika ni moja. Mahakama na bima vitategemea karatasi hiyo miezi mingi baadaye, wakati vichaka vimeshafyekwa na mashahidi wameshavuka kwenda bara.

Na vichaka hivyo tunaomba vifyekwe sasa. Halmashauri na wakala wa barabara wanaohusika watusaidie kusafisha kona na vichochoro vinavyoingia barabara ya Utende na ile ya kaskazini, na kuweka alama za kusimama pale njia za mashamba zinapokutana na barabara kuu. Wanachama wetu wako tayari kutoa nguvu kazi, mapanga na magari ya kubebea matawi, tukiitwa.

Kuanzia leo chama kitakuwa na daftari la ajali za kukwepa, litakalotunzwa na katibu. Kila mwanachama atakayepata ajali ya namna hiyo ataandikisha mahali, saa, hali ya barabara na mwendo wake mwenyewe, na picha zitahifadhiwa pamoja. Daftari litakuwa wazi kwa polisi na kwa yeyote aliyehusika katika ajali, akiwemo yule tunayemlalamikia, ili naye aandike maelezo yake. Mwanachama atakayebainika kuandikisha ajali ya uongo ataondolewa chamani, na jina lake litapelekwa kwa tajiri wake na kwa polisi.

Tamko hili limetolewa Kilindoni, Mafia, na kamati ya chama kwa niaba ya wanachama wote. Nakala zitabandikwa stendi, gatini na katika ofisi za vijiji, na katibu atapokea maoni ya madereva wa bodaboda na bajaji kabla ya mkutano ujao.